Tufe si la kusubiri siku ya mashindano: hotuba kwa walimu wa michezo na wazazi, Chake Chake

Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wa michezo, wazazi na wanafunzi wa kike hapa Chake Chake, Pemba. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.

Bismillahi Rahmani Rahim. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mgeni rasmi, masheha mliofika, walimu wakuu, walimu wenzangu wa michezo, wazee wetu, kina mama, na nyinyi wanangu mliokaa mbele na sare zenu za skuli. Nimeambiwa nizungumzie riadha kwa mtoto wa kike. Riadha ni pana, na muda niliopewa ni mdogo. Nitashika mchezo mmoja tu: kurusha tufe, ule mpira mzito wa chuma, na hasa tufe la wanawake katika Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Ndani, yale yanayofanyika ukumbini chini ya paa.

Nimeuchagua kwa makusudi. Katika mashindano yetu ya skuli, tufe ndilo linalowekwa mwisho wa ratiba na ndilo linalotafutiwa washiriki asubuhi ile ile. Mwalimu anatupa jicho kwenye mstari wa wanafunzi, anamuona mtoto mwenye mwili, anamwambia, "Wewe mnene, njoo urushe." Mtoto hajawahi kulishika. Anarusha kwa mkono peke yake, bega linamuuma, wenzake wanacheka, na mwakani akiona mashindano yanakaribia anajitia homa. Halafu sisi tunakaa barazani tunasema wasichana wa Pemba hawapendi tufe. Watalipendea wapi?

Hebu nikupelekeni Glasgow kidogo, Machi 2024. Uskochi nje ni baridi kali, lakini ndani ya ukumbi taa zinawaka na watu wamejaa mpaka juu. Wanawake wanarusha tufe kuwania ubingwa wa dunia. Sarah Mitton wa Kanada anafika mita 20.22. Yemisi Ogunleye wa Ujerumani, ambaye baba yake ni Mnigeria, anafika mita 20.19. Sentimita tatu! Wanangu, nyoosheni vidole vyenu viwili, cha shahada na cha kati, muvibananishe pamoja. Upana huo ndio uliogawa dhahabu na fedha ya dunia. Wa tatu alikuwa Chase Jackson wa Marekani, bingwa wa dunia wa 2022 na 2023 katika mashindano ya uwanjani.

Sasa sikilizeni yaliyotokea miezi michache baadaye, Olimpiki ya Paris. Jackson, bingwa wa dunia mara mbili, alishindwa kuvuka hata raundi ya mchujo. Na Ogunleye, yule aliyeikosa dhahabu ya Glasgow kwa sentimita tatu, aliingia kwenye duara kwa mrusho wake wa mwisho akiwa nyuma ya Maddi Wesche wa New Zealand aliyekuwa na mita 19.86. Akarusha mita 20.00 kamili. Dhahabu ya Olimpiki. Binti huyu utotoni alikuwa mcheza sarakasi, akaumia magoti, akaja kwenye tufe. Hakuna aliyemnyooshea kidole asubuhi ya mashindano akamwambia njoo urushe. Alilelewa na mchezo, akafundishwa, akaanguka, akatibiwa, akarudi.

Nataka mlione tufe lenyewe lilivyo, kwa sababu naamini hapa pana wazazi ambao hawajalishika. La wanawake ni kilo 4. La wanaume ni kilo 7.26. Wasichana wa chini ya miaka 18 hurusha la kilo 3, na walimu naomba hili mulitie kichwani, kwa sababu nimeona watoto wa darasa la saba wanapewa la kaka zao. Duara lina kipenyo cha mita 2.135, na mbele yake upo ubao mweupe wenye kimo cha sentimita 10. Mguu unaruhusiwa kuugusa ubao huo kwa ndani, lakini ukiukanyaga kwa juu, mwamuzi anainua bendera nyekundu na mrusho umekufa. Ukimaliza unatoka kwa nusu ya nyuma ya duara. Ukitoka kwa mbele kwa furaha, hata kama umerusha mita 21, hupati kitu.

Na tufe haliwekwi kiganjani. Linakaa kwenye mashina ya vidole, limebanwa shingoni chini ya taya, kiwiko kimeinuliwa. Ukiliteremsha au ukalipeleka nyuma ya bega, umeshakiuka kanuni. Kwa hiyo tufe husukumwa kutoka shingoni, na ndiyo maana mkono pekee haufiki popote. Kina mama hapa mnaelewa upesi kuliko mtu yeyote. Anayejua kutwanga hatwangi kwa mikono, anatwanga kwa nyonga na mgongo, mikono inaushika mchi tu. Anayetwanga kwa mikono, pishi moja haimalizi. Tufe ni hivyo hivyo. Nguvu inaanza kwenye unyayo wa mguu wa nyuma, inapanda pajani, nyonga inageuka kabla ya kifua, kifua kabla ya bega, bega kabla ya kiwiko, na vidole ndio wa mwisho kuaga. Mwanamke anayefika mita 20 analiachia tufe kwa kasi ya mita 13 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo haitoki kwenye mkono wa mtu.

Kuna njia mbili za kuitafuta kasi hiyo ndani ya duara. Ya kwanza ni kuteleza: mrushaji anasimama akiupa mgongo uwanja, anainama, anajisukuma kinyumenyume mpaka katikati ya duara, kisha anageuka na kusukuma. Ya pili ni kuzunguka, kama wafanyavyo warusha kisahani. Kwa miaka mingi wanawake wakubwa wa mchezo huu walikuwa watelezaji. Valerie Adams wa New Zealand alitwaa dhahabu za ukumbini Valencia 2008, Istanbul 2012 na Sopot 2014 kwa kuteleza. Siku hizi wazungukaji wamechukua nafasi: Mitton, Ogunleye na Jackson wote wanazunguka. Walimu wengi wataniuliza tuwafundishe ipi. Mimi nasema anzeni na kusukuma kwa kusimama, bila kuteleza wala kuzunguka, mpaka nyonga ijue kazi yake. Kisha kuteleza. Kuzunguka kunataka mwalimu anayekaa na mtoto mwaka mzima, na tukikufundisha ovyo tutavunja watoto vifundo vya miguu.

Adams huyu naomba nikae naye kidogo, kwa sababu nampenda na sioni haya kusema hivyo. Mama yake alitoka visiwa vya Tonga, visiwa vidogo kama vyetu. Ni mwanamke wa mita 1.93. Fikirieni msichana wa kimo hicho katika mitaa yetu, maneno atakayoyasikia njiani kutoka skuli mpaka nyumbani. Ameolewa? Nani atamuoa? Kwa nini asijikunje kidogo? Adams hakujikunja. Alichukua dhahabu ya Olimpiki Beijing 2008, akazaa mtoto wa kwanza, akazaa wa pili, na Tokyo, akiwa na miaka 36, akachukua shaba. Olimpiki ya London 2012 alishika nafasi ya pili nyuma ya Nadzeya Ostapchuk wa Belarusi. Siku chache baadaye vipimo vikaonyesha Ostapchuk alitumia dawa zilizokatazwa. Akavuliwa dhahabu, na Adams akavishwa ya kwake nyumbani kwao Auckland, mwezi Septemba, mbali na uwanja ule wa London ambao ungemshangilia.

Sitaificha sehemu hii ya mchezo, kwa sababu wanangu mtakuja kuisoma wenyewe. Tufe la wanawake limechafuliwa sana na dawa. Mrushaji Vita Pavlysh wa Ukraina alivuliwa dhahabu ya dunia ya ukumbini Maebashi 1999, akafungiwa, akarudi, akavuliwa tena ya Budapest 2004, na mara hiyo akafungiwa maisha. Mwaka huo huo wa 2004, Olimpiki ya Athens ililipeleka shindano la tufe Olympia yenyewe, mahali pa kale ambapo zama zile mwanamke hakuruhusiwa kushindana. Wanawake wakarusha pale. Siku kubwa kuliko siku! Na aliyeshika nafasi ya kwanza, Irina Korzhanenko wa Urusi, akakutwa na dawa. Dhahabu ikaenda kwa Yumileidi Cumbá wa Kuba, lakini jukwaani pale Olympia hakusimama akiwa wa kwanza, na hilo hakuna wa kumrudishia.

Ndio maana naomba walimu msiwape watoto rekodi za dunia ziwe kipimo chao. Rekodi ya ukumbini ni mita 22.50, ya Helena Fibingerová wa Chekoslovakia, tangu Februari 1977. Ya uwanjani ni mita 22.63, ya Natalya Lisovskaya wa Umoja wa Kisovieti, tangu Juni 1987. Ni zama ambazo hapakuwa na upimaji wa ghafla nyumbani na mazoezini kama wa sasa. Leo mita 20 na kidogo zinatosha kuwa bingwa wa dunia: Auriol Dongmo alishinda Belgrade 2022 kwa mita 20.43, na Mitton alishinda tena Nanjing 2025 kwa mita 20.48. Mtoto apimwe kwa mrusho wake wa wiki iliyopita, basi.

Dongmo mwenyewe ni mtoto wa Afrika. Alizaliwa Kameruni, akawa bingwa wa Afrika kwa bendera ya Kameruni, akashiriki Olimpiki ya Rio 2016. Kisha akahamia Ureno, akapata uraia, na dhahabu ile ya Belgrade ikaimbiwa wimbo wa Ureno. Simlaumu hata chembe. Mtu huenda anakotunzwa. Nawalaumu wanaokuwa na kipaji mikononi wakakiacha kiondoke, na sisi tumo.

Sasa narudi nyumbani. Kwa nini nimechagua mashindano ya ukumbini? Kwa sababu tufe ni mchezo unaoweza kuingia chini ya paa bila kupoteza kitu. Mkuki na kisahani haviingii, vinataka uwanja mzima, na ndio maana kwenye Mashindano ya Dunia ya Ndani havimo. Tufe limo tangu ya kwanza, Indianapolis 1987, Lisovskaya akishinda kwa mita 20.52. Ukumbini huruhusiwa tufe lenye ganda laini la plastiki au mpira ili sakafu isiharibike, na duara linaweza kuwa jukwaa la mbao linalobebwa na kuondoshwa. Uzito ni ule ule na kanuni ni zile zile.

Pemba yetu mnaijua. Masika yakija, viwanja vya skuli vinakuwa tope tupu. Mazoezi yanasimama wiki kwa wiki. Na pana wazazi ambao hawataki binti yao afanye mazoezi mbele ya barabara, vijana wamejaa ukutani wanatazama. Sibishani nao. Ni haki yao. Lakini kila wilaya ina jengo fulani refu: ukumbi wa skuli, ghala lisilotumika, banda. Msichana anayeanza hurusha mita 6, 7, 8. Ukanda wa mita 15 wenye ukuta wa magunia ya mchanga mwishoni unamtosha, na mlango unaweza kufungwa. Tusiseme tunasubiri kujengewa. Unguja wamepata uwanja mpya wa Amaan tangu Desemba 2023, na alhamdulillahi, ni fahari yetu sote. Lakini mtoto wa Micheweni hawezi kupanda boti kila Jumamosi kwenda kurusha tufe.

Nimeulizwa pia na mama mmoja, kabla sijapanda hapa, kuhusu mavazi. Mama, suali lako ni zuri na jawabu lipo. Leyla Rajabi wa Iran amerusha tufe Olimpiki ya London na ya Rio akiwa amejifunika kichwa, mikono na miguu, na alichukua fedha ya Michezo ya Asia 2014. Kanuni hazimkatazi msichana kujifunika. Kinachotakiwa ni ufundi wa kuvaa: mtandio ule mwepesi wenye kuteleza haufai, kwa sababu tufe likikaa juu yake linahama shingoni na mtoto anafukuzwa kwa kosa asilolijua. Avae wa pamba unaobana, ncha zake zichomekwe ndani ya fulana, pasiwe na mkunjo upande wa kulia wa shingo kama anarushia mkono wa kulia. Suruali pana, kiatu cha raba chenye soli bapa. Glavu haziruhusiwi, chaki inaruhusiwa. Ni hayo tu.

Na kuhusu mwili. Hapa nazungumza na kina baba zaidi. Wapo mabinti zetu wanaobeba mwani mbichi kutoka majini mpaka kwenye chanja, wanabeba mapolo ya karafuu msimu ukiwadia, wanachota maji, na hakuna anayesema nguvu hizo hazimfai mwanamke. Tunazisifu. Zikihamia kwenye duara la tufe ndio tunaanza kuuliza. Bingwa wa kwanza wa Olimpiki wa tufe la wanawake, London 1948, alikuwa Micheline Ostermeyer wa Ufaransa. Alirusha mita 13.75. Kazi yake huyu bibi ilikuwa kupiga piano mbele ya watu kumbini! Vidole vile vile. Hakuna kilichopungua kwake.

Na tusiseme kurusha ni mila ya Wazungu. Mwaka 1965, Michezo ya Afrika kule Brazzaville, mwanamke wa Kitanzania aitwaye Theresia Dismas alichukua medali ya fedha. Katika nini? Katika mkuki. Miongoni mwa medali za mwanzo kabisa za nchi hii kwenye riadha ya kimataifa, moja ililetwa na mwanamke, na ililetwa kwa kurusha. Tangu hapo tumetajirika kwa wakimbiaji, Bayi, Nyambui, Ikangaa, mpaka Simbu aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, na nawaombea wazidi. Warushaji tumewasahau. Niulizeni ni skuli ngapi za Pemba zina duara la saruji lenye kipimo sahihi na nitanyamaza, maana mnajua wenyewe.

Kwa hiyo mheshimiwa mgeni rasmi, ombi langu ni dogo na nalisema mbele ya watu ili nawe uulizwe. Mifuko michache ya saruji kwa kila skuli iliyo tayari kutoa eneo, na fundi anayeweza kupima mita 2.135 bila kukadiria kwa hatua. Matufe ya kilo 3, si ya kilo 5, kwa wasichana. Na walimu: tufe liingie kwenye mazoezi siku mbili kwa wiki kuanzia mwanzo wa mwaka, ili likija Tamasha la Elimu Bila Malipo mwezi Septemba, mtoto anayeingia kwenye duara awe amesharusha mara nyingi hata hazihesabiki. Msimtafute asubuhi ile. Na asiwe mnene tu. Mwacheni kila mwenye hamu ajaribu, mwembamba mwenye miguu ya haraka huwashangaza watu.

Jambo moja la mwisho, ni kwa wanangu. Machi 2016, Portland, Marekani, Mashindano ya Dunia ya Ndani. Michelle Carter anaingia kwenye duara kwa mrusho wake wa sita na wa mwisho. Hajawahi kuwa bingwa wa dunia. Dhahabu haiko mikononi mwake, na akikosea hapa atarudi nyumbani bila hiyo. Ana dakika moja tu kwa mujibu wa kanuni. Akateleza, akageuka, akasukuma: mita 20.21. Bingwa. Miezi mitano baadaye, Rio, fainali ya Olimpiki, Valerie Adams anaongoza kwa mita 20.42 na Carter amebakiwa na mrusho mmoja. Wa mwisho tena. Mita 20.63, Mmarekani wa kwanza wa kike kushinda tufe la Olimpiki. Mara mbili mwaka mmoja. Kwa hiyo nikikuoneni mnainamisha kichwa baada ya mrusho wa pili, tutagombana. Mnayo mirusho yenu, rusheni yote.

Matufe yako pale mezani, la kilo 3, la kilo 4 na la wanaume. Kina mama wanaotaka kuyashika wajue uzito wake, karibuni, ila kwanza vueni pete. Waliojiandikisha kwa mazoezi wabaki na Mwalimu wenu mlangoni awapime kimo na awaambie saa. Tunaanza Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na mvua ikinyesha tunaingia ndani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.